Mtaro wa Elmar

Saa kumi za alfajiri, na mwanga ulishaamka kabla yetu.
Huku Estonia, mwezi wa tano, usiku ni kope tu:
hufumba, hufumbua.
Elmar alisukuma mtumbwi kwa upondo, hasemi.
Mimi nilipakata kamera
kama mtu aliyepakata kuku wa kupeleka ugenini.

Mafuriko yalikuwa yamefika ngazi ya sauna ya Helju.
Miti ya magome meupe ilisimama majini hadi magotini.
Juu, ndege asiyeonekana alilia kama mbuzi:
ni sululu mdogo, hutetemesha mkia akiporomoka angani.
Wazee wa hapa walimwita beberu wa mbinguni
na hawakucheka walipomwita hivyo.
Mara sita niliielekeza lenzi juu.
Mara sita nikapiga picha ya mbingu, tupu.

Nilikuwa tarishi wa posta miaka thelathini na mmoja.
Najua kila mlango wa bonde hili, na kila mbwa,
lakini sikuwahi kutazama chini.
Nani ana muda wa ua
na pensheni za watu zinamning'inia begani?
Sasa hupiga magoti.
Kwenye kisiwa cha mboji maji yaliniingia viatuni,
viatu vya mpira vya mjukuu wangu, vikubwa kuliko dhambi zangu,
na hapo, katikati ya nyasi kavu za mwaka jana,
ua la waridi hafifu, kengele ndogo kama jino la mtoto,
limeinama kana kwamba ndilo lililonikosea mimi.
Samahani, nikaliambia kwa sauti.
Kisha nikabonyeza.

Elmar akakohoa.
Korongo wawili wakainuka matetini, shingo mbele, miguu nyuma,
sauti yao bawaba ya lango lisilotiwa mafuta tangu vita.
Nikageuka, nikabonyeza, nikabonyeza,
na nilichokipata ni mguu mmoja
na tone la maji likiachia kidole.
Wiki tatu nimewavizia. Mguu mmoja!

"Basi," akasema Elmar, neno lake la kwanza siku hiyo,
"twende nikuonyeshe kitu kisichoruka."

Akanipeleka mahali ambapo maji yamenyooka.
Maji ya kinamasi hayanyooki yenyewe;
kote huko hupinda kama maneno ya mdaiwa.
Hapa yalikwenda kama yamepigwa rula.
"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," akasema.
"Shamba la ushirika lilinipa mashine ya kuchimbia
na medali ya bati. Kilomita nne.
Tulitaka kukausha haya yote tupande viazi."
Akatema mate majini, si kwa hasira.
"Tulivuna viazi viwili."
Majuzi kijana wa idara ya misitu
alimwajiri tena, yeye yule,
auzibe. Mashine nyingine. Hakuna medali.

Na ndani ya mtaro, ukingo hadi ukingo,
maua ya manjano, yale tuitayo kwato za mwanafarasi,
kana kwamba kundi zima lilipita usiku
limevaa njumu za siagi.

"Piga," akasema.
Nikamwambia asimame pale pembeni.
Akavua kofia. Akaivaa.
Akauliza aiweke wapi mikono.
Mikono ile.
"Usinitie mimi," akasema mwishowe, "tia mtaro tu."
Akapita nyuma yangu, jua nalo likichomoza
migongoni mwetu sote wawili.

Nimeichapisha picha hiyo, upana wa dirisha.
Iko ukutani kwake, juu ya redio.
Ukiiangalia kwa makini, chini kushoto,
juu ya maua kuna kivuli chembamba cha upondo
na kivuli cha mkono umeushika.
Hajakiona. Au amekiona.
Kila nikienda kunywa kahawa huniuliza:
"Na yule korongo wako,
mguu wake u hali gani?"